Timbuktu: Sifa ya Dhahabu na Mji wa Udongo

Wahenga walisema, Kusikia si kuona. Methali hii hutumika kumwonya mtu asiamini kila neno alisikialo, angoje mpaka macho yake mwenyewe yamwambie kweli. Nayo ni methali ya haki. Walakini ziko habari katika historia zituonyeshazo ya kuwa hata kuona si kujua. Mtu aweza kusafiri mwaka mzima kwa taabu nyingi, akaufikia mji alioutamani tangu ujana wake, akasimama na kuutazama, naye asitambue ni kitu gani akitazamacho. Habari moja ya namna hiyo ni habari ya mji wa Timbuktu, na ya wageni walioufikia wakitumaini kuona dhahabu, wakaona udongo.

Timbuktu ni mji ulioko katika nchi ya Mali, Afrika ya Magharibi, mahali jangwa la Sahara linapokutana na mto Niger. Mto huo hutoka katika milima ya Guinea, huenda kaskazini na mashariki mpaka ukingo wa jangwa, kisha hupinda na kuteremka kusini mpaka baharini. Mji umejengwa karibu na pindo hilo, kilomita chache upande wa kaskazini, na bandari yake ya mtoni huitwa Kabara. Yapata mwaka 1100 Watuareg, ambao ni wafugaji wa jangwani, walikuwa wakipiga hema zao hapo kwa majira ili kuwanywesha wanyama wao. Baadaye wafanya biashara wakaja, na kambi ikawa mji.

Sababu ya wafanya biashara kuja ni nyepesi kufahamu. Katika jangwa, mwendo wa kilomita mamia kaskazini ya mji, yako machimbo ya chumvi. Hapo kale ya Taghaza, na baadaye ya Taoudenni. Chumvi hiyo hukatwa kwa mabamba mapana, na ngamia mmoja huchukua mabamba manne. Katika nchi za kusini chumvi ilikuwa adimu, lakini dhahabu ilipatikana, na nafaka pia. Basi ngamia alileta chumvi mpaka ukingo wa jangwa, mtumbwi ukaleta nafaka na dhahabu kwa njia ya mto, na mahali pa kukutana ngamia na mtumbwi palikuwa Timbuktu. Msomaji na alishike neno hili, maana ndilo ufunguo wa mambo yafuatayo: dhahabu ya Timbuktu haikuchimbwa Timbuktu. Nyingi yake ilipita tu, kama maji yapitavyo katika mfereji.

Sasa tuangalie jinsi sifa ilivyoanza. Mwaka 1324 mfalme wa Mali, jina lake Mansa Musa, alikwenda kuhiji Maka, akapita Kairo katika Misri. Alikuwa na msafara mkubwa sana na dhahabu nyingi, tena alikuwa mkarimu kupita kiasi. Aliwapa wakuu, akawapa maskini, akatumia bila kuhesabu, hata dhahabu ikawa nyingi mno sokoni na thamani yake ikashuka. Mwandishi al-Umari, aliyezikusanya habari hizo katika Kairo miaka kama 12 baadaye, aliwakuta watu wangali wakizizungumza, na thamani ya dhahabu ilikuwa haijarudi kama ilivyokuwa kwanza. Mfalme aliporudi kwake alifuatana na mtu wa Granada katika Andalusi, Abu Ishaq al-Sahili, mshairi na mjenzi, naye ndiye atajwaye kuwa aliujenga msikiti mkubwa wa Djinguereber katika Timbuktu mwaka 1327. Sifa za mfalme huyo zikavuka bahari zikafika Ulaya. Katika ramani moja iliyochorwa mwaka 1375 katika kisiwa cha Majorca, amechorwa mfalme mweusi ameketi kitini, amevaa taji, na mkononi ameshika donge la dhahabu. Ni rahisi kufahamu jinsi mtu aliyeitazama picha hiyo alivyoweza kudhani ya kuwa hata kuta za miji ya mfalme kama huyo zang'aa.

Lakini msafiri mmoja aliyefika Timbuktu katika karne ile ile hakuona jambo kubwa la kusimulia. Huyo ni Ibn Battuta wa Tangier, ambaye jina lake lajulikana pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, kwa kuwa mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, akausifu mji wa Kilwa kuwa ni katika miji mizuri ya dunia iliyojengwa vema. Mwaka 1353 alipita Timbuktu, akaandika maneno machache tu: kwamba wengi wa wenyeji ni watu wa kabila la Masufa, kwamba kaburi la al-Sahili liko hapo, na mambo machache mengine. Kisha akapanda mtumbwi akaenda zake.

Zaidi ya miaka 150 ikapita, na Timbuktu ukawa chini ya wafalme wa Songhai. Siku hizo alifika kijana mmoja aliyezaliwa Granada na kulelewa Fez katika Moroko, jina lake al-Hasan al-Wazzan. Baadaye kijana huyu alikamatwa na maharamia baharini mwaka 1518, akapelekwa Roma kwa Papa Leo wa 10, akabatizwa mwaka 1520 na kupewa jina la Leo. Ndiye ajulikanaye mpaka leo kwa jina la Leo Africanus, yaani Leo Mwafrika. Kitabu chake cha habari za Afrika kilipigwa chapa Venice mwaka 1550, kikafasiriwa kwa lugha nyingine, na kwa muda mrefu sana watu wa Ulaya waliotaka kujua habari za nchi za ndani za Afrika walikitegemea hicho.

Katika kitabu hicho Leo aliandika ya kuwa mfalme wa Timbuktu alikuwa na hazina kubwa ya dhahabu, na ya kuwa wenyeji walikuwa matajiri. Maneno hayo yalikumbukwa. Lakini katika maelezo yale yale aliandika ya kuwa nyumba za mji zilikuwa za fito na udongo, zimeezekwa kwa majani. Msikiti na jumba la mfalme ndivyo vilivyojengwa kwa mawe na chokaa. Tena aliandika ya kuwa walikuwako waalimu na makadhi wengi waliolipwa vizuri na mfalme, na ya kuwa vitabu vilivyoandikwa kwa mkono vililetwa kutoka kaskazini, na faida ya kuuza vitabu ilipita faida ya bidhaa nyingine zote.

Tafakari, msomaji: mji wa nyumba za fito na udongo, kama zile ambazo wengi wetu tumezaliwa ndani yake, na bidhaa yake iletayo faida kuliko zote ni kitabu! Mambo matatu aliyaandika Leo: dhahabu, udongo, na vitabu. Watu wakalichukua la kwanza, wakayaacha mawili. Ndivyo ulivyo uvumi. Haubuni uongo kila mara. Mara nyingi huchagua katika kweli lile lipendezalo masikio, na yaliyosalia huyatupa njiani.

Kisha ikaja siku mbaya. Sultani wa Moroko, Ahmad al-Mansur, aliitamani dhahabu ile, akatuma jeshi lenye bunduki kuvuka jangwa, mkuu wake akiitwa Judar. Mwaka 1591 jeshi la Songhai likashindwa mahali paitwapo Tondibi. Mwaka 1593 wanachuoni wakubwa wa Timbuktu walikamatwa, kisha wakapelekwa Marrakesh wamefungwa. Mmoja wao alikuwa Ahmed Baba, aliyezaliwa mwaka 1556. Yeye alisimulia ya kuwa alinyang'anywa vitabu 1,600, akaongeza kusema ya kuwa katika jamaa zake ni yeye aliyekuwa na vitabu vichache kuliko wote. Hakurudi kwao mpaka mwaka 1608, naye alifariki mwaka 1627.

Tena kulikuwa na sababu nyingine iliyoupunguzia mji nguvu. Tangu karne ya 15 Wareno walikuwa wakifika pwani ya Afrika ya Magharibi kwa merikebu, wakajenga ngome ya Elmina mwaka 1482, na sehemu ya dhahabu iliyokuwa ikipita jangwani ikaanza kupita baharini. Hivyo mfereji ule ukapungukiwa maji. Timbuktu haukufa, maana chumvi iliendelea kuja na nafaka iliendelea kuhitajiwa, lakini haukuwa tena kama katika siku za Leo. Na katika Ulaya watu walikuwa wangali wakikisoma kitabu cha mwaka 1550.

Mwaka 1788 watu wakubwa wa London walifanya chama cha kuchunguza nchi za ndani za Afrika, na kati ya mambo waliyotaka sana kuyajua lilikuwa jambo la Timbuktu. Wasafiri wakatumwa, na wengi wakafa. Mungo Park wa Scotland alipita karibu na mji kwa mtumbwi mwaka 1805 bila kuingia, naye akafa mtoni huko Bussa mwaka 1806. Mwaka 1824 chama cha jiografia cha Paris kikatangaza tuzo kwa mtu wa kwanza atakayefika Timbuktu na kurudi na habari zake. Neno la kurudi ndilo lililokuwa gumu. Meja Alexander Gordon Laing, mtu wa Scotland, aliondoka Tripoli mwaka 1825, akashambuliwa jangwani na kujeruhiwa vibaya, hata hivyo akaendelea, akaingia Timbuktu mwezi wa Agosti 1826. Alikaa majuma machache, akatoka mwezi wa Septemba, na baada ya siku chache akauawa njiani. Hati za safari yake zikapotea.

Katika Ufaransa alikuwako kijana wa jamaa maskini, René Caillié, aliyezaliwa mwaka 1799, mwana wa mwoka mikate. Alifiwa na wazazi angali mdogo, na vitabu vya safari alivyovisoma vikamtia hamu ya kwenda nchi za mbali. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alipanda merikebu akaenda Senegal. Baadaye alikaa na watu wa Brakna, kaskazini ya mto Senegal, akajifunza Kiarabu na ibada za Kiislamu, ili aweze kusafiri kama Mwislamu. Mwezi wa Aprili 1827 aliondoka pwani ya nchi iitwayo leo Guinea, ana akiba yake ndogo tu, hana askari wala serikali nyuma yake. Aliwaambia watu ya kuwa yeye ni mzaliwa wa Misri aliyechukuliwa na jeshi la Wafaransa utotoni mwake, na sasa arudi kwao. Njiani alipata kidonda mguuni, kisha akashikwa na kiseyeye kikali, akalala miezi mitano katika kijiji cha Tiémé, akiuguzwa na mwanamke mzee. Alipopona alikwenda Djenné, akapanda mashua, na tarehe 20 Aprili 1828, jua likichwa, akaingia Timbuktu.

Furaha yake mwanzo ilikuwa kubwa, naye alimshukuru Mungu kwa kumfikisha. Furaha ilipotulia, akatazama. Aliona nyumba za udongo zisizopendeza, na pande zote mchanga mtupu. Kimya kilikuwa kikubwa, hata sauti ya ndege haikusikika. Soko lilikuwa kama ukiwa, likilinganishwa na soko la Djenné. Watu wa mji aliwakadiria kuwa 10,000 au 12,000. Chakula kililetwa kwa mashua kutoka kusini, na kuni zilikuwa adimu hata maskini wakawasha mavi ya ngamia. Akaandika wazi ya kuwa mji haukuwa kama alivyoutarajia. Baada ya siku 14, tarehe 4 Mei, aliondoka na msafara mkubwa wa ngamia, akavuka jangwa kwa kiu na mateso, akafika Fez, na mwezi wa Septemba akafika Tangier, nguo zake zimekuwa matambara. Chama cha Paris kikampa tuzo yake ya faranga 10,000, na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1830.

Walakini wako waliomkatalia, hasa katika Uingereza. Walisema haimkini mtu mmoja maskini, asiye na msaada, kufika mahali waliposhindwa wenye nguvu. Caillié alikufa mwaka 1838, na watu wangali wakibishana juu yake. Lau angaliwasimulia majumba ya dhahabu, labda angalipendeza zaidi. Ni sifa yake kubwa, nasi tumpe heshima, ya kuwa baada ya taabu zile zote hakutia chumvi katika habari zake. Alisema alichokiona.

Lakini je, alikiona kilichokuwako? Hapa ndipo penye shauri la kuwazwa. Laing alikuwa amekaa Timbuktu miaka miwili kabla yake, tena Caillié alionyeshwa nyumba ambayo Laing alikaa. Hati za Laing zilipotea, lakini barua yake moja, aliyoiandika Timbuktu mwezi wa Septemba 1826, ilifika Tripoli. Katika barua hiyo alisema ya kuwa mji umetimiza matumaini yake katika mambo yote isipokuwa ukubwa wake. Tena alisema ya kuwa siku zake hapo alikuwa akichunguza maandiko ya mji, nayo yalikuwa mengi. Ni mji ule ule, ni udongo ule ule, na ni mchanga ule ule. Mmoja aliondoka amevunjika moyo, na mwingine, ambaye alikuwa na majeraha ya upanga mwilini na kifo mbele yake, aliona ametimiziwa. Tofauti ni nini? Laing alifika kwa jina lake mwenyewe na watu walijua yeye ni nani. Akaweza kuuliza maandiko, na aliyeuliza akaonyeshwa. Caillié alikuja kwa kujificha. Aliandika habari zake kwa siri, karatasi zake amezitia kati ya kurasa za Kurani, na akionekana akidhaniwa anasoma. Mtu ajifichaye hawezi kuuliza sana. Hata hivyo yeye mwenyewe aliandika ya kuwa wenyeji wa Timbuktu wajua kusoma Kurani, hata wameihifadhi moyoni. Aliliona jambo hilo, akaliandika, wala hakulipima. Mji mzima wa wasomaji, katika zama ambazo hata katika Ulaya maelfu ya watu hawakujua kusoma, nao haukuwekwa katika hesabu ya mali!

Aliyempa Caillié haki yake ni Mjerumani, Heinrich Barth, aliyefika Timbuktu mwezi wa Septemba 1853. Barth alikaa miezi mingi, katika mji na katika kambi nje ya mji, akilindwa na Shehe Ahmad al-Bakkai. Watawala wa Masina walitaka mgeni huyo Mkristo atolewe, lakini shehe alikataa kumtoa, kwa kuwa mgeni aliyepokewa ni amana. Barth akathibitisha ya kuwa Caillié alisema kweli. Tena katika safari yake hiyo, huko Gwandu, alikuwa amepata kusoma kitabu kiitwacho Tarikh al-Sudan, kilichoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 17 na Abd al-Rahman al-Sadi, mwenyeji wa Timbuktu. Ndani yake mlikuwa na habari za wafalme wa Songhai, za vita, za waalimu na za misikiti, zimepangwa kwa utaratibu. Hivyo wageni wakaanza kutambua ya kuwa watu wa mji huu walikuwa wameandika historia yao wenyewe, hali watu wa mbali walikuwa wakiwaza juu ya dhahabu.

Vitabu vile havikuisha. Ijapokuwa vita vya mwaka 1591 vilipita, na Wafaransa wakauteka mji mwaka 1894, jamaa za Timbuktu ziliendelea kuvitunza majumbani, katika masanduku na katika mifuko ya ngozi, baba akimwachia mwana. Vimo vitabu vya sheria, vya dini, vya nyota, vya dawa, na hati za biashara. Mali ilipata uhuru wake mwaka 1960, na mwaka 1973 kikafunguliwa katika Timbuktu chuo cha kukusanya na kuhifadhi maandiko hayo, kikapewa jina la Ahmed Baba. Mwaka 1988 mji ukaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Kisha mwaka 2012 watu wenye silaha wakauteka mji, wakavunja makaburi ya watu watakatifu yaliyoheshimiwa na wenyeji. Ndipo wenyeji walipofanya jambo la kukumbukwa. Abdel Kader Haidara, mwana wa jamaa ya watunza vitabu, pamoja na wenzake wengi, walivitia vitabu katika masanduku ya bati, wakavitoa kwa siri, vingine kwa motakaa na vingine kwa mashua kwa njia ya mto, mpaka Bamako, mji mkuu wa Mali. Maelfu mengi ya vitabu yaliokolewa. Mwezi wa Januari 2013, wale wenye silaha walipokuwa wakikimbia, walichoma maandiko yapata 4,000 yaliyosalia katika chuo cha Ahmed Baba. Makaburi yaliyovunjwa yakajengwa tena na mafundi wa mji wenyewe, kazi ikamalizika mwaka 2015. Na mwaka 2016 mahakama ya kimataifa huko The Hague ikamhukumu mmoja wa wakuu wa uvunjaji huo kifungo cha miaka 9.

Msomaji apime neno hili. Watu walihatarisha maisha yao kwa ajili ya karatasi. Hakuna aliyesikiwa akihatarisha maisha kwa ajili ya donge la dhahabu la Mansa Musa, kwa sababu dhahabu ile ilikwisha kupita zamani. Kilichokaa ni kile ambacho uvumi ulikiacha njiani.

Basi tujifunze nini? Kwanza, mtu akitaka kuuhukumu mji, au kijiji, au nyumba, na aulize kazi yake kabla ya kuuliza uzuri wake. Timbuktu haukuahidi majumba ya dhahabu kwa mtu ye yote. Kazi yake ilikuwa kukutanisha ngamia na mtumbwi, na kufundisha, nayo iliifanya ndani ya kuta za udongo. Walioahidi dhahabu ni watu ambao hawakuuona kamwe. Kisha walipoambiwa kweli, wakaulaumu mji.

Pili, miaka huenda. Kati ya Leo na Caillié ilipita miaka 300, na mwenye kwenda mahali kwa habari za zamani hana budi kukuta mabadiliko. Kwetu ni hivyo hivyo. Mtu aendaye leo Kilwa Kisiwani kwa sababu ya sifa alizoziandika Ibn Battuta hakuti mji wa sultani. Atakuta kijiji, na magofu ya Husuni Kubwa na ya msikiti mkuu katika majani. Naye akirudi akasema, Hapana kitu, amesema kweli ya macho yake tu. Lakini habari za wafalme wa Kilwa ziliandikwa na watu wa Kilwa wenyewe, nasi twawajua kwa maandiko hayo, ingawa mapaa yameanguka. Jiwe na chokaa vya Kilwa vimeshindwa na mvua, na wino umeshinda.

Tatu, na hili latuhusu sana sisi tukaao vijijini. Kila mara hupita mgeni akatazama nyumba zetu za udongo, akafikiri hapa hapana historia. Tusikasirike naye, maana asiyekujua hakuthamini. Lakini sisi je, twavijua vyetu? Katika nyumba nyingi kuna barua za babu, hati ya shamba, daftari la mahudhurio la mwalimu wa kwanza, au karatasi yenye majina ya wazee waliokata msitu na kuanza kijiji. Mara nyingi mzee akifa, karatasi hizo hufungiwa bidhaa dukani au huwashiwa moto. Jamaa za Timbuktu hazikuwa na nyumba bora kuliko zetu, nazo zilivitunza vyao kwa mamia ya miaka, pamoja na mchwa na mchanga na majeshi. Tukifanya nusu ya kazi yao, wajukuu wetu watatushukuru.

Watu wa Timbuktu wana desturi ya kuukanda udongo na kuupaka upya msikiti wa Djinguereber kwa mikono yao, vijana na wazee pamoja, kwa kuwa mvua na upepo huula ukuta. Msikiti huo, uliojengwa yapata miaka 700 iliyopita, wasimama mpaka leo. Ukuta wa udongo hudumu maadamu wako watu wanaoupenda. Mgeni akiutazama kwa siku 14 ataona udongo. Mwenyeji aona mikono ya baba zake.